Hati za Viza ya Mwenzi wa Ndoa: Kazi Inayoanzia Ofisi ya Parokia

Yafuatayo ni maneno ya karani wa parokia, aliyoyatoa mbele ya mkutano wa kamati za parokia na wafadhili. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa. Majina ya watu tumeyaacha kwa makusudi.



Mimi si wakili, wala sijawahi kupanda ndege. Mimi ni karani wa ofisi ya parokia, na kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kuandika katika vitabu: aliyebatizwa, aliyefunga ndoa, aliyetutoka. Nimeombwa nizungumze juu ya hati zinazotakiwa mtu anapoomba viza ya kwenda kuishi na mume wake au mke wake Marekani. Nadhani nimeombwa mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, haupiti mwezi bila mtu kubisha mlango wa ofisi yetu akitaka karatasi kwa ajili ya jambo hilo. Ya pili, mimi mwenyewe niliwahi kukosea, na kosa langu liliwagharimu wanandoa miezi minane. Nitaanza na hilo la pili.

Kosa la tarehe moja

Binti mmoja wa parokia yetu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2019. Mume wake alizaliwa hapa kwetu Nyeri lakini sasa ni raia wa Marekani. Jumamosi ile tulikuwa na harusi tatu. Ili kupunguza kazi, nilijaza vyeti siku mbili kabla, na mkono wangu ukaandika tarehe ya siku niliyokuwa naandika. Cheti cha serikali kikasema 15 Agosti. Kitabu chetu cha ndoa kikasema 17. Kadi za mwaliko zikasema 17, na keki katika picha iliandikwa 17. Bwana arusi, bibi arusi, wasimamizi na padri wote waliweka sahihi, na hakuna aliyesoma tarehe.

Mume alirudi Marekani baada ya majuma matatu na kupeleka ombi lake. Baada ya muda akaletewa barua ya kutaka maelezo zaidi: hii ndoa ilifungwa siku gani? Binti alikuja ofisini na nakala ya barua hiyo katika simu yake. Niliposoma, nilijua kosa ni la nani.

Kusahihisha hakukuwa kazi ya kalamu. Cheti cha serikali hakifutwi wala kuandikwa juu. Ilibidi hati ya kiapo iandikwe, kitabu cha parokia kitolewe nakala, na Msajili wa Ndoa aombwe marekebisho. Tulisafiri pamoja kwenda Nairobi mara nne, tukipanda matatu ya alfajiri. Siwezi kusema kungoja kote kulitokana na mimi, kwa maana Machi 2020 balozi za Marekani zilisimamisha kazi za kawaida za viza kwa sababu ya korona. Lakini miezi minane najua ni yangu. Mtoto wao alizaliwa Mei 2020. Siku moja, tukingoja katika foleni, mama mmoja alimuuliza mtoto huyo, "Baba yako yuko wapi?" Mtoto akanyoosha mkono akachukua simu kwenye pochi ya mama yake.

Tangu siku hiyo nimejifunza habari za hati hizi kama mtu anayelipa deni. Nililojifunza ni hili: afisa anayeamua ombi hajawahi kuwaona wanandoa hao. Hakuwapo kanisani, hakula pilau. Anachokijua ni karatasi tu, naye anauliza kama karatasi hizo zinasema jambo moja. Nyingi kati ya karatasi hizo zinatoka kwetu.

Ombi linavyokwenda

Ni vizuri wanakamati waijue njia yenyewe, ili mtu akija tujue amefika wapi.

Anayeomba si yule aliyeko hapa. Anayeomba ni mwenzi aliyeko Marekani, ambaye ni raia au mwenye ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani. Anajaza fomu iitwayo I-130 na kuipeleka kwa Idara ya Huduma za Uraia na Uhamiaji ya Marekani, pamoja na fomu I-130A yenye habari za mwenzi anayeombewa. Katika hatua hii wanandoa wanathibitisha mambo matatu: kwamba mwombaji ana haki ya kuomba, kwamba ndoa ni halali kisheria, na kwamba ni ndoa ya kweli, haikufungwa kwa ajili ya viza.

Mke au mume wa raia hana foleni ya idadi ya mwaka. Mke au mume wa mwenye kadi ya kijani anaingia katika foleni, kwa sababu viza za kundi hilo zina kikomo kila mwaka. Tofauti nyingine inawaumiza wengi, nayo ni ya watoto. Mwenye kadi ya kijani anapomwombea mke wake, watoto wa mke walio chini ya miaka 21 na hawajaoa au kuolewa wanaweza kufuatana na mama yao katika ombi lile lile. Raia hana nafasi hiyo: kila mtoto anahitaji ombi lake. Na kama ni mtoto wa kambo, ndoa ya mzazi wake lazima iwe ilifungwa kabla mtoto huyo hajatimiza miaka 18. Nimeona mama akipata viza, na mtoto wake akabaki na nyanya kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo mapema.

Ombi likikubaliwa, linapelekwa Kituo cha Taifa cha Viza. Hapo hulipwa ada, hujazwa fomu ya viza kwa mtandao, na hukusanywa hati za kiraia na hati ya udhamini wa kifedha. Asiyewasiliana na kituo hicho kwa mwaka mzima baada ya kuitwa anaweza kufutiwa ombi lake. Mwisho ni uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa, kisha mahojiano. Kwa Wakenya, mahojiano hayo hufanyika ubalozini Nairobi. Safari nzima huchukua miezi mingi, na mara kwa mara hupita mwaka.

Naongeza neno la tahadhari. Tangu Juni 2025 Marekani imetoa amri zinazozuia au kupunguza viza kwa raia wa nchi kadhaa. Somalia na Burundi zilikuwa katika orodha ya kwanza, na orodha hiyo imebadilika tangu hapo. Tuna waumini wenye pasipoti za nchi jirani. Mtu kama huyo aangalie hali ya nchi yake katika taarifa rasmi kabla hajalipa ada yoyote.

Hati zenyewe

Ya kwanza ni cheti cha ndoa cha serikali. Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Cheti kinachotolewa na parokia kutoka kitabu cha ndoa ni ushuhuda wa Kanisa. Cheti kinachotakiwa ni kile cha kiraia, kilichosajiliwa. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiraia, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Waliooana kimila tu, wakapeleka mbuzi na pombe na kumaliza mahari, wana ndoa, lakini bila usajili hawana karatasi ya kuonyesha.

Ya pili ni hati za kuonyesha kwamba ndoa zote za zamani zimekwisha, za mume na za mke pia: amri ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani, au cheti cha kifo. Ndugu zangu, swali hili tuliulize kabla ya kutangaza ndoa kanisani, na tuliulize bila aibu. Mwanamume aliyelipa mahari kwa msichana wa kwanza miaka kumi iliyopita, wakaachana kimya kimya, anaweza kuwa bado ni mume wa mtu kisheria. Marekani haitambui ndoa ya pili ikiwa ya kwanza bado ipo, hata kama nchi ilikofungwa inaruhusu wake wengi. Na kama Paroko hakuuliza, afisa atauliza.

Ya tatu ni cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu hatukuandikishwa tulipozaliwa. Tuliandikishwa tukiwa watu wazima, tulipotaka kitambulisho au pasipoti. Cheti kilichotolewa miaka thelathini baada ya mtu kuzaliwa huzua maswali. Hapa kanuni za Marekani zenyewe zinalitaja Kanisa. Zinasema kwamba hati ya kiraia isipokuwapo au isipopatikana, mtu aonyeshe hivyo, kisha alete kumbukumbu za kanisa au za shule. Hizo nazo zikikosekana, alete viapo viwili au zaidi vya watu wasiohusika na ombi, wanaolijua tukio hilo wao wenyewe. Cheti cha ubatizo kinachopendelewa kina muhuri wa kanisa, kinataja tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe ya ubatizo na majina ya wazazi, na kinaonyesha kwamba mtoto alibatizwa ndani ya miezi miwili tangu kuzaliwa. Aliyebatizwa akiwa mkubwa atafute pia barua ya shule ya kwanza aliyosoma.

Ya nne ni cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, kwa aliyetimiza miaka 16. Hapa Kenya hutolewa na Kurugenzi ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Aliyewahi kuishi nchi nyingine kwa mwaka au zaidi anahitaji cheti cha huko pia. Tunao mabinti waliofanya kazi za nyumbani Ghuba kwa miaka miwili, kisha wakaolewa. Waanze kutafuta cheti hicho mapema, maana kukipata ukiwa umesharudi nyumbani ni kazi ngumu.

Ya tano ni hati ya udhamini. Mwombaji aliyeko Marekani anaahidi kisheria kwamba mwenzi wake hatakuwa mzigo kwa serikali. Kwa kawaida kipato chake kinatakiwa kufika asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa huko kila mwaka, kwa kuhesabu watu wa nyumba yake. Kisipofika, anaweza kuongeza mdhamini mwingine. Baadhi yenu mmeniuliza kama parokia inaweza kudhamini. Haiwezi. Mdhamini lazima awe mtu, si chama wala kanisa. Na mtu huyo ajue anachotia sahihi, kwa maana ahadi hiyo haikomi hata wanandoa wakiachana.

Majina

Katika karatasi ninazoziona, majina yanasumbua kuliko kitu kingine chochote. Kitambulisho kinasema Catherine, cheti cha ubatizo kinasema Katarina, cheti cha shule kinasema Kathrine, na nyumbani anaitwa jina la bibi yake. Jina la baba linakuja mwisho katika hati moja, na katika hati nyingine halipo. Sisi tunamjua kuwa ni mtu mmoja. Afisa anaona wanawake watatu.

Dawa yake ni kuweka hati zote mezani siku moja, kabla ya kutuma hata moja, na kuzisoma mstari kwa mstari: majina, herufi zake, tarehe ya kuzaliwa, mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi. Penye tofauti inayoweza kusahihishwa, isahihishwe na ofisi iliyotoa hati. Isiyoweza kusahihishwa ielezwe kwa hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya ni ya mtu mmoja, na kwa nini yametofautiana. Tofauti iliyoelezwa mapema haisumbui kama ile inayogunduliwa na afisa.

Hati au barua isiyo ya Kiingereza hutafsiriwa yote, bila kuruka mstari. Mtafsiri anaandika chini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anazijua lugha zote mbili vya kutosha, kisha anaweka sahihi. Haihitajiki ofisi ya gharama kubwa. Mwalimu mstaafu wa jumuiya yenu anaweza kuifanya kazi hiyo, mradi tu asiwe mmoja wa wanandoa wenyewe.

Kuonyesha kwamba ndoa ni ya kweli

Cheti kinaonyesha kwamba ndoa ilifungwa. Hakionyeshi kwamba watu wanaishi kama mume na mke. Maelezo ya fomu yanataja mkataba wa nyumba ya pamoja, mali ya pamoja, fedha zinazotumika pamoja, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao, na viapo vya watu wanaowajua. Hapo watu wetu hukata tamaa. Wataonyesha nyumba gani ya pamoja, na mmoja yuko Nyeri, mwingine yuko Minnesota?

Nawaambia waangalie maisha yao yalivyo. Mume anatuma pesa kila mwezi: taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima ipigwe chapa, na risiti za kutuma fedha zihifadhiwe. Wanaongea kwa simu kila siku: wachague kurasa chache za mazungumzo kutoka miezi mbalimbali, si kurasa mia tano za mwezi mmoja. Alikuja likizo: tiketi na mihuri ya pasipoti. Alilipa karo ya shemeji, alinunua mabati ya nyumba ya mama mkwe, ameandika jina la mke katika bima yake kazini: kila kitu kina karatasi yake. Picha ziwe za siku tofauti, na nyuma ya kila moja iandikwe tarehe, mahali, na waliomo. Picha kumi za miaka mitatu zinasema zaidi ya albamu nzima ya siku moja ya harusi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nawashauri waliooana wanunue faili moja siku ile ile ya harusi na kuanza kuweka. Kukusanya miaka mitatu kwa majuma mawili, barua ya maswali ikiwa mkononi, ni mateso.

Barua ya parokia, na ile tusiyoweza kuiandika

Sasa nafika kwenye jambo linalotuhusu sisi tuliomo humu ndani. Mara nyingi tunaombwa barua ya kuwashuhudia wanandoa. Barua nyingi nilizoziona hazina msaada, kwa sababu zinasema tu kwamba hawa ni Wakristo wazuri na wanapendana. Barua yenye msaada inamtaja anayeandika, anwani yake, na alivyowajua. Inasema alichokiona yeye mwenyewe: nilikuwapo siku ya kujitambulisha nyumbani kwa wazazi, niliwafundisha katika semina ya wachumba, nilimwona mume alipokuja mazishi ya mkwe wake. Tarehe zitajwe. Ambacho mwandishi hakukiona, asikiandike.

Miaka michache iliyopita alikuja ofisini mzee mmoja tunayemheshimu sana. Alikuwa ametuahidi mabati ya kuezeka darasa la chekechea. Binti yake alikuwa amefunga ndoa kwetu Aprili 2023. Sheria ya Marekani inasema kwamba mwenzi ambaye siku ya kuingia nchini ndoa yake haijatimiza miaka miwili anapewa ukaazi wa masharti wa miaka miwili, na katika siku 90 za mwisho yeye na mwenzi wake huomba pamoja masharti hayo yaondolewe. Mzee alikuwa amesikia habari hizo. Akaomba cheti kiandikwe 2021, mwaka ambao vijana wale walianza kujuana tu, ili binti apate kadi ya miaka kumi moja kwa moja. "Ni namba moja tu, karani," aliniambia. "Wewe si uliwahi kukosea tarehe?"

Ndugu zangu, nilinyamaza. Alikuwa amesema kweli. Tarehe niliwahi kuikosea, na kwa makosa ile iliandikika kwa urahisi. Nilimpeleka kwa Baba Paroko, naye alikataa kwa upole, mbele yangu. Alimweleza kwamba akiwasilisha habari ya uongo kwa ajili ya viza, binti anaweza kufungiwa mlango wa Marekani maisha yake yote, na kwamba udanganyifu wa ndoa huko ni kosa la jinai, kifungo chake hufika miaka mitano. Kisha akamwambia kwamba kitabu kile si chake wala si cha karani. Sheria ya Kanisa inaiagiza kila parokia kutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, kwa ajili ya watu watakaokuja baada yetu wakitaka kujua lililotokea.

Mabati hayakuja mwaka ule. Watoto wa chekechea walisoma msimu mzima wa mvua katika ukumbi, nyuma ya pazia, huku kwaya ikifanya mazoezi upande wa pili. Kamati ililaumiwa, na mimi nililaumiwa. Binti alipeleka tarehe yake ya kweli, na alipoingia Marekani alipewa kadi ya masharti. Yuko huko sasa na mume wake. Mzee ananisalimu kwa mbali.

Nalisema hili mbele ya wafadhili kwa sababu najua wengi wenu mna watoto na ndugu ng'ambo. Msituombe tuandike lisilokuwapo. Mkituomba, mtatuweka mahali pa kuchagua kati ya paa la watoto na kitabu cha Kanisa, na hapo hata karani mwenye nia njema anaweza kuteleza.

Fedha na madalali

Fomu hizi haziuzwi. Zinapatikana bure katika tovuti ya serikali ya Marekani. Kinacholipwa ni ada ya kuwasilisha. Tangu 1 Aprili 2024 ada ya fomu I-130 imekuwa dola 625 kwa anayetuma kwa mtandao na dola 675 kwa anayetuma karatasi. Katika Kituo cha Taifa cha Viza kuna dola 325 za viza na dola 120 za hati ya udhamini, na viza ikishatoka kuna dola 235 za kutengenezewa kadi. Ada hubadilika, kwa hiyo kila mtu aangalie kabla ya kulipa. Ongezeni uchunguzi wa afya, nauli na vyeti. Kwa mama anayeuza mboga, hizo ni fedha za miaka.

Ndiyo sababu madalali wanapata nafasi. Mmoja katika mji wetu alimtoza mjane shilingi elfu arobaini kwa "kuharakisha faili". Hakuna dalali anayeweza kuharakisha faili. Wenzi walioko Marekani wanaohitaji msaada waelekezwe kwa wakili mwenye leseni, au kwa mashirika yaliyotambuliwa na Wizara ya Sheria ya huko. Yapo mashirika ya Kikatoliki yanayofanya kazi hiyo kwa gharama ndogo katika majimbo mengi, na mtandao wao uitwao CLINIC ulianzishwa na maaskofu wa Marekani mwaka 1988.

Ninayoyaomba

Namaliza kwa maombi machache.

Kamati za parokia: cheti cha ndoa kisijazwe kabla ya siku ya ndoa. Kijazwe siku ile, kutoka vitambulisho vilivyo mezani, na mtu wa pili akisome kwa sauti kabla ya sahihi. Sisi tunafanya hivyo tangu 2020. Inachukua dakika sita, na kwaya inaimba wimbo mmoja zaidi. Nakala zifike kwa Msajili bila kuchelewa. Semina ya wachumba iwe na saa moja ya hati. Na vitabu vya zamani vitolewe kwenye kabati lenye mchwa. Tulipoteza kurasa za ubatizo za miaka miwili namna hiyo, na waliozibatiziwa sasa ni watu wazima wanaotafuta vyeti.

Wafadhili wetu: hatuombi mlipe viza za watu. Tunaomba kabati la chuma lisiloshika moto, mashine ya kunakili, na nauli ya karani kwenda kwa Msajili. Ni vitu vidogo kuliko kisima au zahanati, wala haviwekewi bamba la jina ukutani.

Yule binti wa 2019 alipata viza yake. Kabla ya kuondoka alikuja ofisini kuniaga, na mtoto mkononi. Nilikuwa nimepanga kumwomba msamaha tena, lakini aliniwahi. Aliniomba nifungue kitabu cha ndoa nimwonyeshe mstari wake. Nikamwonyesha. Akausoma wote, pamoja na tarehe, akatikisa kichwa kukubali, kisha akaniuliza kama ubatizo wa mtoto nao umeandikwa sawasawa. Tukafungua kitabu cha pili tukasoma pamoja.